Masanduku Niliyoyaanzia Kulia

Jumamosi. Doha leo ina ubaridi wa kupendeza. Nimetoka nyumbani Al Thumama asubuhi na sweta langu na mpaka sasa sijalivua. Roho imetulia kama ya mtu aliyeshiba pilau.

Maandishi yangu mtanivumilia. Naandika kwa kidole kimoja, na ukurasa huu kanifungulia mjukuu wangu Salma. Lakini habari ninazo, na habari kama hizi hamzipati kwingine.

Sisi kazini tunatunza mawe. Si kokoto! Ni mawe marefu ya mviringo, unene wa mkono wangu, na mkono wangu si mchezo. Yalitolewa chini kabisa wakati wa kuchimba visima. Yamelazwa kwenye masanduku kwa mpangilio, ya juu kwanza, ya chini kabisa mwisho. Miaka yote ghalani kwetu walikuwa wanaingia mainjinia tu, tena kwa kibali. Leo ghala limefunguliwa kwa watu wote, na picha za kila sanduku zimewekwa mtandaoni, mwenye simu azione bure.

Nani apange masanduku kwenye meza ya wageni? Mimi. Nilimng'ang'ania mudiri wetu, mkubwa wa ghala, mpaka akachoka. Akasema, "Haya, Mbwana, lakini ukivuruga unarudi kukaa getini."

Getini mimi sirudi.

Basi nikapanga. Nikasogea nyuma kidogo nitazame, nikajisifu mwenyewe.

Akaja Achieng, binti wa Kisumu, mtaalamu wetu wa mawe. Akatazama meza, akashika kichwa.

"Mzee, umeanzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo gani sasa?"

"Mwanzo ni mmoja tu, binti yangu. Kulia."

Mimi kusoma nilijifunza chuoni Tanga, msahafu basi, na mkono wangu haujui kuanza upande mwingine. Kumbe ndani ya sanduku mawe yanaanzia kushoto. Masanduku yanakwenda huku, mawe yanakwenda kule. Mgeni angetembea anapanda, anadondoka, anapanda tena, kama yuko kwenye lifti mbovu.

Nikamwambia basi tugeuze mawe, masanduku yakae nilivyoyaweka. Akakataa. "Picha ziko kwa mtandao vile yamelala. Mtu akilinganisha na simu yake atasema sisi ni waongo."

Hapo nikakunja mikono ya sweta. Majivuno ninayo, uongo sina.

Tukaanza kubeba, sanduku la kwanza liende kushoto. Masanduku mazito, mgongo unalia, na mara mlango ukafunguliwa. Wageni hao! Na mudiri nyuma yao. Nikajiona niko getini tayari.

Mzee mmoja wa Kikatari, mwenye bakora, akadhani ndivyo mambo yanavyofanyika. Akaiegemeza bakora ukutani, akashika upande wa pili wa sanduku langu. "Yalla, ya hajji!" akanihimiza tunyanyue. Wengine wakaona, nao wakashika. Walibeba taratibu kama wamepakata mtoto mchanga, mpaka ardhi yote ikakaa sawa mezani.

Nikachukua sponji yenye maji, nikapangusa jiwe moja. Jiwe kavu halionyeshi kitu. Likilowa ndipo rangi zinatoka. Zikatokea kombe ndogo ndogo, za baharini kabisa.

"Bahar?" akauliza yule mzee, akinionyesha mchanga mkavu wa nje.

"Bahar," nikamjibu.

Akaweka kidole juu ya kombe moja, hakukiondoa. Nimeyabeba mawe haya miaka mingi, na sijawahi kuona mtu akilitazama jiwe namna ile.

Jioni mudiri akaniambia Jumamosi ijayo nisimame pale pale mezani. Achieng akacheka, "Mzee una bahati wewe!"

Bahati gani? Ningepanga sawa tangu mwanzo, wageni wangeyashika saa ngapi?

Kesho naenda kazini na kopo la rangi. Nitachora mshale mkubwa ukingoni mwa meza, uonyeshe pa kuanzia. Si kwa ajili yangu. Ni kwa ajili ya hawa wengine.