Mawe ya Mama

Kulesa,
S.L.P. 17,
Garsen.
21 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Kitsao,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani na baridi ya huko Hamburg? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama mbuzi? Sisi mwili mzima. Mto umerudi mahali pake, barabara ya Malindi imefunguliwa, na mahindi tumeyapanda upya. Ya moyoni ni mengine.

Barua yako imefika. Umeniuliza jambo moja tu, kama mama aliwahi kuisikiliza santuri mpya uliyomtumia. Kitsao, hakuwahi. Kifurushi kilikwama Malindi wiki tano kwa sababu ya mafuriko, kikafika siku ya tisa baada ya kumzika. Nimekaa na jibu hili siku mbili nikitafuta namna ya kulilainisha, sikuipata.

Ile ya zamani aliisikiliza mpaka siku zake za mwisho. Unakumbuka ulipoileta tulivyokucheka? Muziki gani hauna mwimbaji wala gitaa, mitambo mitupu. Mama peke yake hakucheka. Alisema hiyo ni pampu ya maji ya skimu ya umwagiliaji ya Hola, siku inapokwenda vizuri. Upande wa pili akauita Vyura. Kila Jumapili akitoka kanisani alikaa mkekani, macho kayafumba, kidole kikigonga goti.

Na ubahili wake wa mawe ya betri unaujua. Mawe mapya yalikuwa ya redio, asikose matangazo ya vifo. Redio ikishayachosha, anayaanika juu ya bati la banda la kuku mpaka adhuhuri, ndipo gramafoni nayo ipate makombo.

Basi juzi nikatia yale mawe mapya uliyoyafunga pamoja na santuri. Nilianza na hiyo yako. Inagonga kama wanawake watatu wanatwanga mpunga, lakini ukitulia, chini yake kuna kisauti kidogo, kinakuja, kinapotea, kinarudi kimebadilika. Niliipenda, sitakuficha. Aliyeitengeneza lazima alikua akisikiliza santuri kama ile ya kwetu. Mama angekisikia kile kisauti kabla yangu.

Kisha nikaweka ya mama. Ikaenda mbio. Nilidhani imeharibika, nikaifuta vumbi, nikarudia, mbio vile vile. Nilikuwa na Dahabo, yule jirani Muorma aliyemletea mama maziwa siku zote za homa. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Hii hapana ile, Kadii. Ile ya mama natembea. Hii nakimbia."

Ndipo nikaelewa. Miaka kumi na minne tumeusikiliza muziki ule kwa mawe yaliyochoka, ukienda polepole. Huko Ulaya hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia kama mama alivyoujua. Nililia kuliko siku ya mazishi, na Dahabo akaniacha nilie.

Asubuhi ya siku aliyotutoka aliniomba nimwanikie mawe yake. Nikayaanika. Tulipotoka kumzika kesho yake, yalikuwa bado juu ya bati, yamejipanga vile vile nilivyoyapanga.

Unasema utatuma katoni nzima ya mawe mapya. Usitume, ndugu yangu. Yale manane ya mama nimeyafunga kwenye leso yake. Nguvu iliyobaki labda ni ya upande mmoja tu wa santuri, nayo inapungua hata yakikaa bure. Nimetamani mara nyingi kuyatia, nikajizuia. Peke yangu sitaweza.

Shemeji yako Changawa anakusalimu sana, na binti yetu Beryl, ambaye sasa ananipita kimo. Dahabo naye anauliza kila siku kama umeandika.

Mungu aliyempokea mama akulinde na akufungulie njia. Njoo, Kitsao, kabla mawe hayajafa.

Dada yako akupendaye,
Kadii