Vidhibiti Viwili, Tangi Moja

Mama Watoto,

Usiguse tangi la samaki. ~~Chomoa kidhibiti cheupe.~~ ~~Chomoa cheusi.~~ Ah, viache vyote, sijui tena.

Fundi wa dukani kaniazima vidhibiti joto viwili nichague kimoja cha kutuchungia maji ya chumvi. Asubuhi cheusi kikasema joto ni digrii ishirini na tano, cheupe kikapiga kelele: hamsini! Na samaki wanaogelea raha mustarehe. Nikamfokea binti yetu kwamba kachezea nyaya. Kaenda shule analia, hata chai hakunywa.

Sasa nimekiona kikombe changu nyuma ya tangi. Waya wa cheupe wa kupimia joto umo ndani ya chai. Niliuweka mwenyewe.

~~Mwambie binti yetu~~ Nampitia shuleni, nimwambie mwenyewe.

Kipi nichague, bado sijui.

Baba Watoto