Mkanda wa Jambia, Jambia Hakuna

Jumamosi. Theluji imeyeyuka mchana, jioni imeganda tena, na mimi nina hasira tangu Alhamisi.

Naandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu nitamfokea, na asiye na kosa hafai kufokewa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mzanzibari, nasoma chuo Minneapolis, na mwezi uliopita jumba moja la makumbusho la Saint Paul liliniomba niwasomee maelezo ya Kiswahili ya maonyesho yao mapya. Ni picha za zamani za manowari za Kizungu zilizokuwa zikizuru miji ya pwani yetu, na masultani na maliwali wa Kiarabu waliozipokea. Mtu akifika anapewa hedfoni, anachagua lugha, anasikiliza. Kiswahili kimewekwa kwa ajili ya familia za Kikongo, maana hapa wamejaa. Nilifurahi jamani! Nilienda studio kule Golden Valley nimependeza utadhani sauti inavaa nguo.

Wakanipa karatasi, nikasoma. Picha sikuonyeshwa, na mimi sikuuliza. Hapo ndipo kosa langu lilipo na silifichi.

Karatasi ya picha ya saba inasema kwamba mtawala wa mji, mgeni wa heshima, alikaribishwa melini na nahodha kwa kahawa, na siku hiyohiyo wakatia saini mkataba wa urafiki. Niliisoma kwa madaha. Nilipofika kwenye "mgeni wa heshima" nikaishusha sauti kidogo, kwa adabu.

Alhamisi tuliitwa kutazama kabla ya ufunguzi. Nikaipiga picha ile kwa simu, nikamtumia mama Unguja ili ajivunie mwanawe. Hazikupita dakika mbili akajibu. Hongera hakunipa. Aliuliza tu, "Jambia lake liko wapi?"

Nikatazama tena. Ya Rabi! Mzee amekaa kitini katikati ya maofisa. Kilemba anacho, joho zito analo, mkanda wa jambia umefungwa kiunoni barabara. Jambia hakuna. Na wale maofisa, kila mmoja ana upanga wake ubavuni.

Kwetu jambo hili halihitaji darasa. Babu yangu hakuwa sultani wa chochote, alikuwa akiuza vitambaa, lakini siku ya harusi ukimwona hana jambia ujue kabakia kitandani anaumwa. Sembuse mtawala wa mji, mbele ya wageni, kwenye shughuli ya serikali! Afunge mkanda halafu jambia alisahau? Hakusahau. Walimvua.

Mtu aliyevuliwa silaha akakalishwa katikati ya wenye silaha, haitwi mgeni.

Nikamwandikia imeli msimamizi wa maonyesho. Mimi namwita Bi Tabasamu, maana watu wa hapa hata wakikukatalia wanatabasamu, na yeye ndiye bingwa wao. Nilimweleza taratibu, kwa heshima zote. Akanijibu kwa shukrani tele, na alama za mshangao tatu. Akasema huenda mzee alilivua kwa sababu ya joto.

Joto!

Joho la sufu kalibakiza mwilini, kilemba kakibakiza kichwani, akaona kinachomtia joto ni jambia. Hivi wanatuona sisi ni watu gani? Akaongeza kwamba nahodha mwenyewe, katika kitabu chake cha safari, kaandika kuwa yule alikuwa mgeni. Nahodha! Ndiyo kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mwisho akasema kilichorekodiwa hakiwezi kubadilishwa mpaka maonyesho yaishe, na kwamba nimesoma vizuri mno.

Nisieleweke vibaya. Simtetei yule mzee. Bibi mzaa mama yangu alitokana na watu waliotumikishwa kwenye mashamba ya karafuu na wenye vilemba kama chake, na nyumbani kwetu habari hiyo husemwa kwa sauti ya chini mpaka leo. Huenda angeniona angenituma maji ya kunawa. Lakini dhuluma aliyoifanya yeye haigeuzi aliyofanyiwa kuwa kikombe cha kahawa. Alikuwa na makosa yake, na siku ile alikuwa mateka. Yote mawili ni kweli.

Leo ilikuwa ufunguzi. Nilikaribia kutokwenda, kwa aibu, kisha nikaenda.

Watoto wa kanisa moja la Wakongo huko Roseville waliletwa kwa basi, wote hedfoni masikioni. Kiongozi wao ni Mama Neema, mama mmoja aliyejifunga kitenge cha njano juu ya koti la baridi. Nikasimama nyuma yao kwenye picha ya saba. Kuna msichana, wa miaka kumi hivi, nilimsikia Mama Neema akimsemesha Kiswahili na yeye akijibu Kiingereza tu. Basi huyo msichana alikuwa akirudia maneno yangu polepole ili ayashike. Mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima.

Nikamgusa Mama Neema begani. Nikamwambia sauti wanayoisikia ni yangu na huyu hakuwa mgeni, nikamwonyesha mkanda. Aliutazama muda mrefu. Amekimbia vita kwao Kivu, wenye silaha anawajua. Kisha akanigeukia.

"Sasa weye, ulijua, na ukasema vile na sauti muzuri hivi?"

Nikasema nilikuja kujua baadaye.

"Basi sasa unajua. Ambia batoto."

Akawaamuru wavue hedfoni. Nikawaonyesha upanga mmoja mmoja, kisha nikawauliza ni nani kwenye picha hana kitu. Wakamwonyesha kwa vidole wote pamoja, hata wadogo. Sikuhitaji kueleza zaidi. Yule msichana akauliza, kwa Kiingereza chake, kama mzee alirudi nyumbani. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sijui, maana walioandika waliandika walichokunywa, hawakuandika alikokwenda.

Hapo Bi Tabasamu akaja haraka haraka, meno nje. Akaniomba tafadhali nipunguze sauti, kwa sababu watu wengine wamelalamika kwamba hawaisikii vizuri ile ya Kiswahili iliyorekodiwa.

Yaani mimi ninyamaze ili mimi nisikike.

Sikunyamaza. Nilisema mpaka mwisho, na sauti ilipanda zaidi ya nilivyotaka, watu wakageuka, mlinzi akajongea. Mama Neema akasimama kati yangu na mlinzi, mikono kiunoni, akawa anamwuliza mambo ya choo kiko wapi. Mlinzi hakuniondoa.

Sasa niko nyumbani, masikio bado yana moto. Najua huenda hawatanipa kazi tena, na najua kesho kuna watakaoniita mkorofi, wakiwemo baadhi ya wenzangu chuoni. Mama nimemweleza kwa ujumbe, na picha yangu ya leo nimemtumia. Amesema ningevaa mtandio mzuri zaidi.

Nimemtumia Bi Tabasamu imeli nyingine, fupi, haina alama ya mshangao hata moja. Nimemwambia waitoe sauti yangu kwenye picha ya saba, hata kama Kiswahili kitabaki kimya hapo. Wasipoitoa, jumba lao linafunguliwa kila Jumamosi saa nne asubuhi, na mimi Jumamosi sina darasa.