Baraka za Baba kwenye Diski ya Mwero

Chaani, Jumapili, jioni.

Rasharasha tangu asubuhi, na joto halijapungua hata chembe. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu. Nimekaa mbele ya kompyuta ambayo jana, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Baba, ilikubali kufungua diski ya Mwero bila kuzima. Nilidhani siku hiyo ikifika nitapiga vigelegele mpaka majirani waje.

Sikupiga.

Niandike tangu mwanzo, labda kichwa kitatulia.

Baba alipoona ugonjwa wa moyo umemzidi, aliwaita wanawe wote nyumbani Mikindani awape baraka. Kwetu jambo hilo halifanywi kwa simu. Mzazi hukaa kitini, hutia maji kinywani akampulizia mtoto, humwita kwa jina lake kamili, kisha humwambia neno lake. Wapo kanisani wanaokunja uso wakisikia habari za maji. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa Mgiriama, na yeye hakuona ugomvi hapo. Alichokataa ni watu kumnyooshea simu. "Wekeni hizo simu, mniangalie mimi," aliwaambia. Aliyeruhusiwa kurekodi ni Mwero peke yake, jirani yetu mwenye studio, anayepiga video za harusi na mazishi ya mtaa mzima.

Mimi sikuwepo. Kompyuta za ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini zilikuwa zimelala, malori yamejipanga hadi barabarani, na wa kuziamsha ni mimi. Baba mwenyewe alinipigia akaniambia nisihangaike, neno langu atalisema hata kama sipo, nitaliona kwenye video.

Kabla mwezi haujaisha, alifariki.

Tangu hapo kila nikiuliza Baba alisema nini juu yangu, napata jibu jipya. Kaka yangu Charo anasema niliombewa kazi isiyokatika. Dada yangu Sidi anashikilia kwamba Baba alicheka kwanza, halafu akasema neno kuhusu mguu wangu na njia ya nyumbani. Mama anasema neno langu lilichukua muda mrefu kuliko yote, lakini machozi yalimziba masikio hakusikia kitu. Halafu wote watatu wanamalizia vilevile: si utaona kwenye video?

Video ilikuwa kwenye diski ya Mwero, na diski ya Mwero ilikuwa haifunguki. Ukiichomeka, kompyuta inaitambua vizuri. Ukitaka tu kuona kilichomo, skrini inaganda, kisha mashine nzima inazima. Kompyuta ya Mwero ilifanya hivyo. Yangu, yenye mfumo uleule, ikafanya hivyohivyo. Nilijaribu ya ofisini, na bosi akaniuliza kama nimeanza kulipwa kwa kuua vifaa.

Mama haamini habari za diski. Anaiita mkebe. Kila asubuhi ananipigia: "Riziki mwanangu, mkebe umefunguka?" Nami kila asubuhi: "Bado, Mama."

Jambo la kwanza nilitoa nakala ya diski nzima, nisije nikaharibu ya asili, nikawa napambana na nakala. Nilidhani diski imechoka. Haikuchoka, ni nzima kabisa. Nikasoma ile programu inayoiwezesha kompyuta kupanga na kusoma mafaili, mstari kwa mstari, programu iliyoandikwa na watu wa kujitolea ambao sitawahi kuwaona. Nilirudi kazini macho mekundu, wenzangu wakadhani ninalia. Siku nyingine walikuwa sahihi.

Kilichonitoa gizani ni kuikumbuka tabia ya Mwero. Mwero haandiki jina fupi kwenye video. Anaandika kama kadi ya mwaliko: Mzee fulani bin fulani, na mama fulani, kwa watoto wao wapendwa, halafu anawataja wote, kila mmoja na jina la baba yake. Hana budi. Huku kwetu ukimtaja mtoto mmoja ukamsahau mwenzake, umeanzisha kesi itakayosikilizwa kwenye mazishi matatu yanayofuata. Na sisi tumezaliwa wanane.

Nikachukua diski nyingine tupu, nikaweka faili yenye jina refu. Ikafunguka. Nikaongeza herufi. Ikafunguka. Nikaongeza hadi mfumo ukakataa kupokea herufi nyingine hata moja, nikafungua, na skrini ikaganda.

Nilipiga meza kwa furaha. Nadhani ndiyo furaha ya mwisho niliyopata kwenye jambo hili.

Hitilafu yenyewe ni ya kuchekesha. Programu hutenga nafasi ya herufi za jina, na baada ya herufi ya mwisho huweka alama ya kusema jina limeisha. Aliyeiandika alitenga nafasi za herufi zote akaisahau ile alama. Majina ya kawaida hayajai, kwa hivyo alama hupata pa kukaa. Jina likijaa pomoni, alama hukaa juu ya kitu kingine kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kama mtu aliyechelewa ibada anayejibana kwenye benchi lililojaa hadi wa mwisho anaanguka. Nikaongeza nafasi moja. Nafasi moja tu.

Nikawatumia wale watu wa kujitolea marekebisho yangu. Mmoja wao, wa nchi ya baridi huko, akajibu kwamba hitilafu hiyo imewasumbua watu wengi na hakuna aliyejua inatoka wapi. Akanisifu sana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema wenyewe. Mimi nilisifiwa, nikaenda kuchungulia kibuyu, nikakuta hata hilo tembo la kutiwa maji hamna.

Maana jana, baada ya marekebisho, diski ilifunguka. Harusi za Mwero zote zipo, mazishi yake yote yapo. Na katikati yake jina lile refu, Baraka za Mzee Johnson Kahindi Charo, likiendelea hadi ukingo wa skrini. Nikalibonyeza.

Faili ni tupu. Haina picha wala sauti, hata sekunde moja.

Nilichakura diski nzima kwa kila chombo ninachokijua, na vichache nilivyojifunza jana hiyohiyo. Hakuna kilichofutika, kwa sababu hakuna kilichowahi kuandikwa. Kompyuta huandika jina kwanza, ndipo imimine yaliyomo. Iliandika jina, ilipolisoma ili kulionyesha ikaganda, na Baba hakuingia.

Leo baada ya ibada nilikwenda studio kwa Mwero nikiwa na hasira nilizozilea njia nzima. Nilitaka kumuuliza kuhusu kadi ya kamera, ilikorekodiwa video kwanza; kwa tumaini hilo asubuhi nilikuwa nimemjibu Mama "Bado" kama kawaida. Hakunificha. Aliona jina limetokea kwenye skrini kabla mashine haijaganda, akajua video imeingia, diski tu ndiyo imeleta shida. Jumamosi iliyofuata alikuwa na harusi, akaifuta kadi akairekodia harusi. Tangu hapo ameifuta mara nyingi.

"Jina si nililiona kwa macho yangu, dadangu?" alisema. "Ningejuaje kama ni jina tupu?"

Hasira zikaniisha palepale, nikabaki sina hata cha kushika. Angejuaje? Mimi mwenyewe fundi sikujua.

Ndipo nikamuuliza swali la kijinga, ili tu nisiondoke nikilia mbele ya wateja wake. Mimi ni wa tatu kuzaliwa, mbona kaniweka mwisho? Tena jina limekatika: Riziki Kahi, basi, mfumo ulipokataa kupokea zaidi.

Mwero akasema aliandika kwanza waliokuwepo, kwa sababu ndio wanaoonekana kwenye video. Kisha, siku ileile akikunja nyaya zake, alimuuliza Mzee kama anaweza kuniacha mimi, maana sipo, na jina limeshakuwa refu.

"Mzee alinambia, 'Mwandike. Hapa hayupo, lakini yumo.' Sasa nami ningefanyaje? Nikakuandika."

Nilirudi nyumbani nikazihesabu herufi. Ni kazi yangu kuhesabu, siwezi kujizuia. Ukiliondoa jina langu, benchi linabaki na nafasi. Hakuna kuganda. Video inaingia yote, na leo tungekuwa nayo, sauti yake, kikohozi chake, lile kofia la mkeka alilogoma kulivua, na neno la kila mmoja wetu.

Mimi nisiyekuwepo ndiye niliyemfungia mlango. Na ni yeye aliyesema nitiwe.

Nimejaribu kumkasirikia, nimeshindwa. Nimejaribu kufurahi kwamba aliagiza niandikwe, hilo nalo nimeshindwa, maana kila nikianza kufurahi namkumbuka Sidi na mwanawe aliyekuwa akingoja kuisikia sauti ya babu. Hakuna mstari wa kurekebisha hapa. Nimeutafuta.

Faili tupu huwa naifuta bila kuwaza, ni usafi wa kawaida wa kazi yangu. Hii nimeiacha. Nilifikiria hata kulifupisha jina, lisije likaizima kompyuta ya mtu mwingine ambaye bado ana programu ya zamani. Nikaweka kidole, nikakiondoa. Nianze kumtoa nani?

Tangu niwaambie kwamba hitilafu nimeipata, tumepanga kukutana wote Mikindani Jumamosi kuitazama. Mama ameshaazima viti vya kanisa.

Na kesho asubuhi atanipigia, mapema kama kawaida yake, aniulize kama mkebe umefunguka. Nitamwambia umefunguka, Mama. Nitamsikia akimwambia Mungu asante, akimwita Sidi jikoni aje asikie. Halafu ataniuliza, "Haya, baba yako anasema nini?"