Kaa wa Uani Kwenu Kunduchi

Mjukuu wangu Neema, nakuamkia kwa salamu ya kwetu: mwakeye. Huku Kasulu bibi yako anakusalimu, goti lake limepata nafuu, na maharage tumeshavuna.

Umeuliza mtaa wenu ulikuwaje nilipokuja huko ujanani kukata mkonge. Juu yalikuwa mashamba ya mkonge, chini ni mikoko mitupu. Hapo mlipojenga ninyi ndipo mimi na mdogo wangu Yoramu tulipofyeka mikoko, tukasimamisha kibanda. Tukachimba mfereji upande wa juu, maana kwetu milimani maji huteremka. Mzee wa pale akatuuliza, "Na upande wa bahari?" Tukamcheka.

Mchana mmoja wa jua kali, kaa wakaanza kutoka sakafuni. Yoramu akabaki ndani kuwaokota, mimi nikaenda kutafuta kuni. Bahari ikapanda kimya, bila wingu hata moja. Sisi hatukujua kuogelea. Mengine nayaacha.

Sikukatazi kukaa hapo, nyumba ni yenu. Ila niliposoma katika barua yako kwamba kitukuu wangu anafurahia kuokota kaa uani, nilichukua kalamu siku hiyo hiyo. Babu yako Yoramu unamjua kwa jina tu.

Babu yako,
Zakayo