Neno Ambalo Papa Hakuliuliza

Gashonga, Rwanda, 9 Februari 2025

Binti yangu Sandrine,

Habari za huko Lira, Uganda? Sisi tu wazima, ila magoti ya mama yako hulalamika mvua ikinyesha. Miaka miwili sijakuandikia, najua. Nilikataa kubariki ndoa yako, nikasema sitoi binti kwa watu nisioweza kuongea nao. Basi nasoma Kiingereza, mimi mwalimu wa Kifaransa niliyestaafu! Kila asubuhi akili mnemba ya kwenye simu inanisomea habari, leo bei ya saruji, kesho mafuriko, kisha inanifundisha maneno yake. Jana neno moja nililiuliza mara tisa. Mara tisa, na haikuguna! Mimi ningeshachukua fimbo. Kitu hiki ni cha ajabu, hadi nakiogopa kidogo.

Siku nitakayoweza kuongea na baba mkwe wako, nitakuja kuwabariki.

Papa yako

Lira, 20 Februari

Papa mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, na Maman apate nafuu. Nilisoma barua yako jikoni, ugali ukaungua. Wewe na Kiingereza! Baba mkwe amefurahi sana, anakuandikia mwenyewe kwa maneno mepesi. Likikushinda neno, uliza simu.

Mtoto wako

Gashonga, 14 Machi

Sandrine,

Leo sijui nikuulize habari gani. Barua ya baba mkwe imefika. Sikuhitaji simu, neno lenyewe nalijua: "Your daughter has blessed our home." Umewajeruhi! Blessé, yaani aliyejeruhiwa, mwanangu, nimelifundisha miaka thelathini. Umefanya nini? Au wao ndio walianza? Mama yako analia: "Mutoto arudi kwetu, hata leo! Atakula tu ile tunakula." Nami nasema hivyo hivyo. Nimemwandikia mzee yule kwa Kiingereza changu chote: samahani, kosa ni langu niliyemlea, nirudishie mtoto wangu. Sikukasirikii. Njoo.

Papa yako

Lira, 25 Machi

Papa wangu,

Pole na hofu. Keti kwanza. Huku hakuna aliyeumia, ni Kifaransa chako kilichokuponza. Baba mkwe alisoma barua yako mbele ya wote, wakabaki wameduwaa. Mimi nilicheka, halafu nikalia sana. Miaka miwili nilidhani mlango wenu umefungwa. Sitakutafsiria. Iulize simu neno lile.

Mtoto wako

Gashonga, 4 Aprili

Mwanangu,

Tunakusalimu sote, hata magoti yametulia. Nimeiuliza. Imenijibu bila kunicheka: kubariki. Nikauliza tena, ikasema vile vile. Nikakaa nje na simu mkononi. Watu wa lugha nisiyoijua wanasema wewe ni baraka nyumbani kwao, na mimi niliyekuzaa nilikunyima ya kwangu. Nisamehe.

Ubarikiwe, Sandrine. Ubarikiwe wewe, mume wako na nyumba yenu. Nasema kwa Kiswahili, maana hapo sikosei.

Jumanne mimi na mama yako tunapanda basi la Kigali, kisha tunavuka mpaka kuja kwenu. Mwambie baba mkwe aongee polepole.

Papa yako