Ridhaa ya Nyumba ya Mama

Mwera, Pangani
Mfunguo Pili

Kwako Dada Saleha,

Shikamoo, na asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute na afya, wewe na Shemeji Mudathir na wanangu, na ule mgongo wako uwe umepoa. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, ila mimi nina hamu na wewe mpaka nguo zinanipwaya. Najua utacheka, barua zama hizi! Lakini nikikupigia simu unaniambia uko sokoni, utanipigia, na hupigi. Basi nimempa Rahimu, anayevuka mpaka pale Horohoro na nazi zake, akukabidhi mkononi.

Habari kubwa ya huku ni ruzuku. Kikundi chetu cha mwani tuliomba fedha za mahali pa kulelea watoto, maana siku za bamvua, maji yakitoka mbali, tunashinda majini na watoto wanabaki kujilea wenyewe. Kabla ya Ramadhani mjukuu wa Bi Khadija alijimwagia uji wa moto, na kovu lake ukiliona utalia. Kumbe akina mama wa Kilutheri wa kambi ya mkonge, kiongozi wao Bertha, nao wameomba hilo hilo. Wafadhili wakajibu kuwa hawatoi mara mbili kwa jambo moja. Tuungane, au tukose sote.

Haya, kuungana! Mdomo wangu unaujua. Nilisema sikai kikao na watu tuliogombana nao kisimani miaka yote. Siku ya kwanza wakaja adhuhuri, wamejitwika masufuria ya makande na kuku, wakijua mwezi umekwisha na sasa tunakula. Maskini, hakuna aliyewaambia kuwa wengi wetu tulikuwa tunafunga zile siku sita za sunna za Mfunguo Mosi, baada ya Idi. Bertha aliona haya, akainama abebe masufuria yake arudi. Bi Khadija akamzuia, akasema chakula kikishaingia uani kwake hakitoki, wakae tule pamoja magharibi. Na wao, wallahi, hawakugusa hata tonge wakati sisi tumefunga. Tukakaa mpaka jioni hatuna la kufanya ila kuzungumza, na adhana ilipolia tulikuwa tumeshakubaliana kila kitu, mpaka na lile la kisima. Makande yalikuwa yamepoa, lakini sijala kitu kitamu vile tangu Mama afariki.

Ikabaki nyumba. Fedha zile ni za kukarabati, si za kujenga, na nyumba pekee iliyo kati ya kambi na pwani, yenye vyumba vya kutosha, ni ya Mama. Mimi nimeridhia. Lakini ni yetu wawili, na wafadhili hawatoi kitu bila ridhaa yako. Mwezi huu ukiisha bila jibu, fedha zinakwenda kijiji kingine.

Najua nyumba ile hutaki hata kuisikia. Mama tulimzika alasiri, wewe ukafika magharibi. Masheikh walisema maiti haicheleweshwi, na mimi sikuwa na kauli. Ulisimama mlangoni, hukuingia, ukageuka na gari lile lile kurudi Mombasa. Sikulaumu, Dada. Lakini siku ile niliondokewa na mama, nikaondokewa na wewe pia, na mpaka leo wewe ndiye ninayekulilia zaidi, Mungu anisamehe.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Nimewaambia akina mama kwamba ni lazima uje mwenyewe, usimame mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Hatibu. Si kweli. Mzee Hatibu aliniambia mimi peke yangu kuwa sauti yako kwenye simu, mbele ya mashahidi, inatosha. Nikalimeza. Bertha ameshashona mapazia ya madirisha, kila siku ananiuliza unafika lini, nami namjibu uko njiani. Nimewaweka watoto wa watu rehani kwa ajili ya hamu yangu. Naona aibu, na bado kila asubuhi nanyamaza tena.

Basi ukweli unao. Ukimpigia Mzee Hatibu hata leo, watoto watapata pao, na mimi nitawaambia wenzangu kuwa nilidanganya, watanisema, yataisha. Wala sitakununia. Ila usinipigie mimi kunieleza kuwa umeshaongea naye, maana sauti sitaki. Mimi nataka uje. Si lazima uingie nyumba ile. Utalala kwangu, tutabanana kitandani, unigombeze mpaka uchoke.

Nisalimie Shemeji, na wanangu uwabusu. Bi Khadija anakusalimu. Bertha, ambaye hata sura yako haijui, anakusalimu sana, na anauliza unapenda chakula gani.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na ndugu mwingine,
Sabra